Kusadikika: Nchi Iliyopakana na Pepo

Katika somo la jiografia tumezoea kuanza kwa kutaja mipaka ya nchi: kaskazini imepakana na nini, kusini na nini, mashariki na magharibi vivyo hivyo. Marehemu Shaaban Robert aliifuata desturi hiyo alipotaka kuwaeleza wasomaji wake habari za nchi isiyokuwapo duniani. Kitabu chake, Kusadikika, kilichapishwa mwaka 1951, na vizazi vingi vya wanafunzi wetu vimekisoma. Walimu wengi huyapa uzito maneno ya Karama mbele ya baraza la mfalme, na ni haki yake kupewa uzito; lakini nchi yenyewe huachwa nyuma kama pazia la mchezo. Katika makala haya twapenda kuitazama nchi hiyo kwa jicho la mwanajiografia, kwa kuwa twaona kwamba umbo lake limebeba sehemu kubwa ya maana ya kitabu.

Kusadikika iko angani, na mipaka yake ni pepo. Kaskazini kuna Upepo wa Kaskazi, kusini Upepo wa Kusi, mashariki Matlai, na magharibi Umande. Juu yake kuna mbingu, na chini yake kuna ardhi. Mtu akijaribu kuichora nchi hiyo kwenye ramani ya kawaida atashindwa, maana karatasi ina pande nne, na Kusadikika ina pande sita.

Pepo hizo nne hazikubuniwa na mwandishi. Kila mzee wa pwani azijua. Kaskazi huvuma kutoka upande wa kaskazini-mashariki, kuanzia Desemba hivi hata Machi, nayo ndiyo iliyoyaleta majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi katika bandari zetu kwa karne nyingi. Kusi hufuata, ikivuma kutoka kusini-mashariki hata kwenye Oktoba, na kwa upepo huo majahazi yalirejea kwao. Matlai ni upepo wa mashariki, utokao bahari inakochomoza jua. Umande nao ni upepo wa alfajiri utokao bara, ambao wavuvi huungoja ili uwasukume kwenda baharini. Kwa hiyo mwandishi alipotafuta mipaka ya nchi yake ya mawazo, alichukua dira ya mabaharia wa kwao.

Maisha yake yalimpa nafasi ya kuijua dira hiyo. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga. Mwaka 1926 aliingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha, na Pangani, mji ulio kwenye mlango wa mto, ulikuwa mojawapo ya vituo vyake. Kwa karani wa forodha wa zama zile upepo haukuwa pambo la shairi tu. Upepo ndio uliokuwa kalenda ya kazi: ndio ulioamua siku ya kufika chombo, siku ya kupakua shehena na siku ya kungoja bure. Mtu aliyeishi hivyo hawezi kuuona upepo kuwa kitu kitupu. Kwake upepo ni njia, na njia ina watu kila upande.

Wengine wameilinganisha Kusadikika na Laputa, kisiwa kielealeacho hewani katika Safari za Gulliver, kitabu cha Jonathan Swift kilichotolewa Uingereza mwaka 1726. Ulinganifu huo una msingi, lakini tofauti yake yatufundisha zaidi. Laputa huelea kwa nguvu ya sumaku, na mfalme wake huiweka juu ya miji iliyoasi ili kuinyima jua na mvua. Ni ngome ya mtawala juu ya vichwa vya watawaliwa. Kusadikika haimkalii mtu kichwani. Mtawala na mtawaliwa wote wako katika nchi moja, wamezungukwa na pepo zile zile. Na dhuluma iliyomo haitoki juu wala nje, hutoka barazani.

Hapo ndipo mipaka sita inapopata kazi yake. Wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, walitumwa kila mmoja upande wake, wakatafute maarifa ya kuifaa nchi. Walivuka hatari za njiani, wakarudi na mapendekezo. Na kila mmoja aliporudi alishtakiwa na kufungwa. Karama, aliyeshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kueneza elimu ya sheria, alizitumia siku za kesi yake kusimulia habari za wafungwa hao mbele ya Mfalme Jeta. Sasa twaweza kuiona hoja ya ramani. Nchi iliyo wazi pande zote sita, ambayo upepo wowote waweza kuingia, ndiyo iliyojifunga yenyewe. Hatari yake kubwa haikuwa kuanguka. Hatari yake ilikuwa kuwaadhibu waliokwenda kuona.

Wasomaji wa kwanza wa kitabu walikuwa na sababu ya kuielewa hoja hiyo upesi. Tanganyika ilikuwa chini ya utawala wa Kiingereza, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilikuwa imeiweka ardhi ya nchi chini ya mamlaka ya Gavana. Mnamo Novemba 1951, mwaka ule ule wa Kusadikika, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili nafasi yao ipewe walowezi. Wameru nao walituma mjumbe. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hata Umoja wa Mataifa kuieleza dhuluma hiyo. Ardhi haikurudishwa wakati ule, ila safari yake iliwaamsha wengi. Hatudai kwamba mwandishi aliyajua hayo alipokuwa akiandika, kitabu kilitangulia. Twasema tu kwamba mtu aliyeondolewa juu ya ardhi yake hahitaji kufafanuliwa maana ya nchi inayokaa hewani.

Katika kisa, Karama alishinda. Yeye na wajumbe sita waliachiwa huru, na nchi ikaanza kuzitengeneza sheria zake. Miaka kumi baada ya kitabu kutoka, tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipata uhuru, na mwandishi aliishi kuiona siku hiyo kabla ya kufariki mwezi wa Juni 1962.

Twawashauri walimu wanapofundisha kitabu hiki waanze kwa ramani. Wanafunzi na waulizwe majina ya pepo katika lugha za nyumbani kwao, kisha wajaribu kuichora Kusadikika, pande zake zote sita. Watagundua kwamba nchi ya kubuni haijengwi kwa vitu vya ugenini. Hujengwa kwa vile tuvijuavyo, vikipangwa upya mpaka tuuone ukweli ambao mazoea yalikuwa yametuficha. Na wakimaliza kuichora, waulizwe swali moja zaidi: katika nchi yetu wenyewe, mjumbe arudipo na habari tusizozipenda, twampokeaje?