Kanuni za Mashindano ya Makasia na Maisha ya Mashua za Mbao

Kila mashindano yana kanuni zake, na aghalabu kanuni hizo huhesabiwa kuwa jambo dogo, la waamuzi na wagomvi peke yao. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba, kwa habari ya mashua za mbao zishindanishwazo kwa makasia, mambo sivyo yalivyo. Mashua iliyokwisha kupoteza kazi yake huishi kwa kanuni tu. Kile ambacho kanuni imekitaja hubaki. Kile ambacho kanuni imekinyamazia huondoka, hata kama watu walikipenda. Nitaleta ushahidi wa mahali patatu katika Ulaya: mto Thames katika mji wa London, pwani ya Wabaski kaskazini ya Hispania, na Cornwall, iliyo ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Mwisho nitarudi kidogo katika pwani yetu, kwa kuwa swali hili latuhusu sisi pia.

Kabla ya kuendelea yafaa tupatane juu ya maneno. Kiswahili hupambanua baina ya kafi na kasia. Kafi ni fupi, hushikwa kwa mikono miwili bila kuegemea popote, na alitumiaye hutazama mbele aendako. Kasia ni refu, huegemea ukingo wa mashua, huzuiwa na kigingi au na kishwara, yaani kitanzi cha kamba. Na alivutaye hulipa mgongo omo, akatazama tezi, atokako. Ndiyo sababu mashua yenye wavutaji wengi huhitaji mtu mmoja wa tezi awe macho ya wenziwe. Mashindano yote nitakayoyaeleza ni ya kasia, si ya kafi. Neno la pili ni rubani. Leo wengi wakilisikia huwaza ndege, lakini kwa asili ni neno la bahari: rubani ni mtu ajuaye miamba na mikondo ya mahali, apandaye chomboni mwa wageni akakiingiza bandarini salama. Maana hiyo ya kwanza ndiyo itakayotumika hapa.

Tuanze na mto Thames. Katika mwaka 1715 mji wa London ulikuwa na daraja moja tu, na mtu aliyetaka kuvuka mto, au kwenda upesi kutoka upande mmoja wa mji hata mwingine, alipanda mashua ya mvushaji. Wavushaji walikuwa na chama chao kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1555, na kijana hakuruhusiwa kuchukua abiria kwa nafsi yake mpaka awe amemaliza miaka ya uanagenzi chini ya bwana wake. Mwaka huo wa 1715 mwigizaji mmoja wa michezo ya jukwaani, Thomas Doggett, mzaliwa wa Ireland, aliweka zawadi ya koti na beji kubwa ya fedha, kwa kukumbuka siku Mfalme George wa Kwanza aliposhika ufalme. Vijana sita waliokuwa wametoka karibuni katika uanagenzi walitakiwa kushindana kutoka London Bridge hata Chelsea, mwendo wa zaidi ya maili nne na nusu. Doggett alifariki mwaka 1721, lakini aliacha wosia na fedha, na mashindano hayo yangaliko mpaka leo.

Sasa tutazame ni nini kilichobaki na ni nini kilichoondoka. Koti limebaki, beji imebaki, na njia ni ile ile. Sharti la mshindani kuwa mwanagenzi wa mto aliyehitimu limebaki pia. Bali mashua haikubaki. Vijana wa kwanza walivuta mashua zile zile za kazi, nzito, zilizoundwa kuchukua abiria, nao walikwenda kinyume cha maji yanayotoka. Katika karne ya 19 mwendo uligeuzwa ukafuata maji yanayoingia, na mashua ya abiria ikaachwa, ikashikwa mashua nyembamba ya mbio, isiyofaa kuchukua hata kikapu. Mwendo uliokuwa kazi ngumu ya muda mrefu siku hizi humalizika kwa muda wa nusu saa au pungufu. Wosia ulimlinda mtu, haukuilinda mashua. Nao wavushaji wenyewe, ambao madaraja yaliwanyang'anya abiria mmoja mmoja, walibaki katika mashindano kwa sababu jina lao lilikuwa limeandikwa.

Wabaski nao walikuwa na mashua yao ya uvuvi, iitwayo trainera, na jina hilo limetokana na wavu ulioitwa traína, wa kuvulia dagaa na samaki wadogo wa jamii yao. Kazi hiyo ilitaka mbio kwa sababu mbili. Kwanza, kundi la samaki lilipoonekana ilipasa kulizunguka kabla halijazama. Pili, mashua iliyotangulia kurudi bandarini ndiyo iliyouza kwa bei nzuri. Basi waundaji waliifanya ndefu, nyembamba, nyepesi, yenye omo iliyoinuka ili kuyapanda mawimbi ya bahari kuu. Na kila mji ulitaka mashua yake iishinde ya jirani. Kutoka mashindano ya riziki hata mashindano ya heshima hatua ilikuwa moja. Katika mji wa San Sebastián mbio za ghuba ya La Concha zilifanywa mara ya kwanza mwaka 1879, na zawadi yake ni bendera.

Kanuni za huko ni hizi kwa ufupi. Katika mashua wamo wavutaji 13 na mshika usukani mmoja, naye huongoza kwa kasia refu akiwa amesimama tezi. Mwendo ni maili tatu za bahari, yaani mita 5,556: mashua hutoka ghubani hata maboya yaliyo nje baharini, huyazunguka, kisha hurudi. Njia za kupita hutolewa kwa kura, maana wimbi na mkondo si sawa kwa wote. Urefu wa mashua umewekewa mpaka wa mita 12, na uzito wake mtupu haupasi kupungua kilo 200. Tangu mwaka 2008 wanawake nao wanashindania bendera yao katika ghuba hiyo hiyo.

Msomaji ataona kwamba kanuni hii inashika umbo: urefu, uzito, hesabu ya watu, hata namna ya kuongoza. Walakini haikushika mti. Mashua iliyokuwa ya mbao ilianza kubadilika, na karne ya 20 ilipokuwa ikiikabidhi nafasi karne ya 21, waundaji waliuacha mti wakashika nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa utomvu wa viwandani. Trainera ya leo kwa mtu aliye ufukoni ni trainera; inapanda wimbi kama ile ya zamani, na kishwara cha kasia bado kinajulikana. Lakini seremala wa mbao hana nafasi ndani yake. Umbo limeokoka, ufundi wa kuliunda kwa mbao umetoka katika mbio.

Mfano wa tatu ni Cornwall pamoja na Visiwa vya Scilly vilivyo magharibi yake. Huko palikuwa na mashua za marubani. Merikebu zilipokuwa zikitoka bahari kuu ya Atlantiki zilihitaji rubani, na desturi ilikuwa kwamba rubani aliyefika kwanza ndiye aliyepata kazi na ujira. Basi mashua iliyochelewa ilirudi mikono mitupu. Mashua hizo zilitumika pia kuokoa watu. Merikebu kubwa ya tanga Thomas W. Lawson, yenye milingoti saba, ilipovunjika penye Visiwa vya Scilly mwaka 1907, mashua iitwayo Slippen, ya kisiwa cha St Agnes, ilikwenda katika bahari chafu kutafuta waliosalia.

Mwaka 1838 fundi William Peters wa St Mawes aliunda mashua iliyopewa jina la Treffry kwa ajili ya mji wa Newquay. Urefu wake ni futi 32, na upana wake futi 4 na inchi 10. Ina wavutaji sita, kila mmoja na kasia moja, na mshika usukani. Mbao zake ni za mti uitwao elm, nazo ni nyembamba mno, kiasi cha robo inchi. Hazikutanishwi ukingo kwa ukingo kama mbao za majahazi yetu, bali kila ubao hupanda juu ya mwenziwe, kama vigae vya paa, na hufungwa kwa misumari ya shaba. Kwa hiyo hakuna haja ya kukalafati maungio kama tufanyavyo kwa pamba na mafuta. Ubao ukinywa maji huvimba na kujiziba.

Meli za moshi zilipozidi, kazi ya mashua hizi ilikwisha, na nyingi ziliozea ufukoni. Zilizookolewa ziliokolewa na wapenda mbio: klabu ya Newquay iliinuliwa katika miaka ya 1920, na baadaye ikakusanya mashua za kale kutoka Visiwa vya Scilly. Mwaka 1986 kiliundwa chama cha mashua hizi, nacho kikaweka kanuni ambayo kwa maoni yangu ni ya ajabu: kila mashua mpya itakayoshindana sharti ifuate Treffry ya mwaka 1838, kwa vipimo vyake na kwa mti wake. Msimamizi wa chama huipima mashua ingali ikiundwa, si baada ya kumalizika tu. Tangu mwaka 1990 mashindano makubwa hufanywa Visiwa vya Scilly kila mwaka penye mwanzo wa Mei, na mashua zaidi ya mia hujipanga baharini kwa safu moja.

Faida ya kanuni hii ni dhahiri. Mshindi hushinda kwa nguvu na umoja wa wavutaji, si kwa fedha za kununua umbo jipya. Na fundi wa mbao bado anapata kazi. Lakini ina hasara mbili. Ya kwanza ni kwamba imesimamisha kile kilichokuwa kikienda. William Peters hakuwa mtu wa kunakili. Aliunda Treffry ili ishinde mashua zilizoitangulia. Amtiiye kwa kila inchi amekihifadhi chombo chake na kuiacha tabia yake. Hasara ya pili inatoka msituni. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 ugonjwa wa ukungu uenezwao na mbawakawa umeua mamilioni ya miti ya elm katika Uingereza. Kanuni yasema elm. Msitu wasema hapana. Mpaka sasa mti umeendelea kupatikana kwa taabu, lakini siku moja chama kitapaswa kuamua kama kilichokuwa kikihifadhiwa ni mti ule, au ni ufundi wa mbao kwa jumla, au ni umbo tu kama la Wabaski.

Tukizipanga kanuni hizi tatu pamoja twaona kwamba Thames ilimshika mtu, ikapoteza mashua. Wabaski walishika umbo, wakapoteza mbao. Cornwall ilishika umbo na mbao, ikapoteza uhuru wa fundi. Hapana hata moja iliyoshika yote, wala sidhani kwamba yawezekana. Haifai kuwacheka wala kuwalaumu. Kila mmoja alichagua, ijapokuwa pengine hakujua kwamba anachagua.

Katika pwani yetu mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Haukuwa chombo cha makasia bali cha tanga, lakini kisa chake kinafaa hapa kwa sababu kazi yake ilipokwisha haikuwapo kanuni ya mbio iliyoutaja. Umebaki mifano midogo katika majumba ya makumbusho, na maneno katika kamusi. Mashua na ngalawa zingali zikishindanishwa Lamu na Unguja, na zina mafundi walio hai, wanaoita mkuku mkuku na taruma taruma bila ya kufungua kitabu. Siku waandaao mbio hizo watakapokaa kuandika kanuni, nawaomba wajiulize kwanza wanalinda nini: baharia, umbo, mti au mkono wa fundi. Nasi wenye kazi ya lugha tuna sehemu yetu. Neno la chombo huishi maadamu yupo mtu anayelihitaji kazini. Likikosa kazi na likikosa mbio, litatujia sisi kwenye kamusi, nasi tutaliandika kwa uangalifu mkubwa, pasiwepo mtu wa kutuonyesha kitu chenyewe.