UZI: "Wageni wamenunua Pwani yote!" Historia fupi ya miaka 99 na miaka 999

1/ Kila msimu wa kampeni utasikia kauli mbili. Mmoja atasema wageni wamenunua Pwani yote. Mwingine atasema tuwafungulie wanunue nyumba, walete pesa. Wote wawili wanapigiwa makofi, na sheria haisomwi. Mimi ni wa Kilifi na nasoma sayansi ya siasa, kwa hivyo hii mada naisikia darasani na nyumbani pia. Hebu tupitie pole pole. Sitaji mwanasiasa wala chama.

2/ Tuanze 1902. Sheria ya Ardhi ya Taji iliruhusu mlowezi kununua ardhi, ama kuikodi kwa miaka 99. Walowezi wakateta kwamba 99 haitoshi. Sheria ya 1915 ikawapa hadi miaka 999 kwa mashamba. Piga hesabu: mkataba wa 1915 ungeisha 2914! Na sheria hiyo hiyo ikasema ardhi waliyokalia Waafrika pia ni ya Taji.

3/ Pwani ilikuwa na hadithi yake. Ukanda wa maili 10 ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Sheria ya 1908 ilisema kila mwenye ardhi alete madai yake apewe hati. Ardhi isiyodaiwa inakuwa ya serikali. Waliozoea karatasi wakapata. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo, wakabaki nje.

4/ Mwaka 1963, kabla ya uhuru, serikali ya Kenya na ya Zanzibar zilikubaliana kwamba hati hizo za Pwani zitaendelea kutambuliwa. Ndiyo maana hadi leo kuna familia zenye minazi na makaburi ya mababu shambani, lakini hati iko kwa mtu ambaye hawajawahi kumwona. Wakiambiwa "mgeni ananunua", wao wanasikia 1908.

5/ Baada ya uhuru ikaja Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, 1967. Shamba la kilimo haliuzwi bila kibali cha bodi ya ardhi, na bodi haifai kumpa kibali asiye raia. Rais peke yake ndiye anaweza kumwondolea mtu sharti hilo. Lakini sheria hii ni ya mashamba. Ploti ya mjini ni mambo mengine, na nyumba nyingi za ufuoni ziliingilia hapo.

6/ Sasa 2010. Kifungu cha 65 cha Katiba: asiye raia atamiliki ardhi kwa kukodi tu, si zaidi ya miaka 99. Hata mkiandikiana 999 kwa wakili, sheria itasoma 99. Na waliokuwa na hati ya milele? Tangu 27 Agosti 2010 ardhi yao ilirudi kwa Jamhuri, nao wakapewa miaka 99 kwa kodi ya jina tu. Hiyo inaisha 2109.

7/ "Si atafungua kampuni tu?" Katiba iliona hiyo njia. Kampuni inahesabiwa raia ikiwa wenye hisa WOTE ni raia. Mgeni akiwa na hisa moja tu, kampuni nzima ni mgeni. Amana pia ni hivyo: wote wanaofaidika lazima wawe raia.

8/ Marekebisho ya 2016 yakaongeza kufuli. Ploti za safu ya kwanza na ya pili kutoka baharini, na ardhi iliyo ndani ya kilomita 25 kutoka mpaka wa nchi kavu, mgeni hapati bila idhini ya Waziri. Ufuo wenyewe hauuzwi. Ni ardhi ya umma.

9/ Kitu kingine wanunuzi hukosea: kununua nyumba hakukupi ruhusa ya kuishi Kenya. Hiyo ni ya uhamiaji. Mstaafu wa kigeni huomba kibali cha daraja la K: awe na zaidi ya miaka 35 na mapato ya uhakika ya dola 24,000 kwa mwaka. Hati ya nyumba si viza.

10/ Kwa hivyo shimo liko wapi? Liko kwa jina la kuazima. Mgeni analipa, hati inaandikwa jina la mpenzi, rafiki ama mfanyakazi. Mapenzi yakiisha, mgeni hana karatasi. Mwenye jina akifa, watoto wake wanarithi kesi. Nimeona hii mtaani kwetu: nyumba nzuri, geti limefungwa kwa mnyororo, kila upande una wakili.

11/ Na "mgeni" si mzungu peke yake. Shangazi yangu alichukua uraia wa Ujerumani kabla ya 2010. Wakati huo ukichukua wa kwao unapoteza wetu. Katiba mpya inamruhusu kuurudisha, lakini ni lazima aombe. Asipoomba, hata kwa shamba la babake yeye ni mtu wa miaka 99. Wenye jamaa ughaibuni, waulizeni hili mapema, kabla ya urithi kugawanywa.

12/ Mkataba ukiisha je? Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa mwenye mkataba nafasi ya kwanza ya kupewa tena, bora awe raia. Mgeni hana hiyo haki.

13/ Kwa hivyo anayedai sheria imewaachia wageni kila kitu hajasoma Kifungu cha 65. Na anayesema hakuna shida hajaongea na familia zilizoachwa nje 1908. Mgombea akija kwenu, muulize matatu: hati za majina ya kuazima utazifanyia nini? Idhini za ploti za ufuoni zitatangazwa hadharani? Na wanaoishi kwa shamba bila hati watapata lini? Jibu likiwa "wageni, wageni" tu, mrudishie swali.

Maswali weka hapo chini, nitajibu ninayoyajua.