Joka ni Nini, Mbembe ni Nani?

Wanafunzi walituuliza: joka ni nini? Tukajibu: nyoka mkubwa. Lakini lile la Ufunuo lina vichwa saba, na la Wachina lina miguu, tena linaleta mvua. Yanafanana kama watoto wa nyumba moja: huyu amefuata mama, yule mjomba.

Ni vile vile kwa Mbembe. Ni lugha? Wako ndugu waliokulia Kigoma, Kibembe hawakisemi. Ni bwami? Balega nao wanao. Ni asili? Koo zetu za Fizi zilitoka pande mbalimbali. Ukishika alama moja tu, utamfukuza ndugu.

Sisi wa Makobola, tuliozika watu mwishoni mwa 1998 na mwanzoni mwa 1999, tunajua: mtu akihesabiwa kwa kundi tu, kaburi liko karibu.