Kontrabasuni yatoka nyuma ya okestra

KONTRABASUNI ni ala ya kupulizwa, jamii ya zumari, yenye bomba lililokunjwa lenye urefu wa takriban mita 5. Sauti yake nzito huwa oktava moja chini ya basuni. Beethoven aliitumia katika Simfonia ya Tano mwaka 1808, lakini kwa muda mrefu ilibaki kuwaunga mkono wenzake tu.

Mwaka 1978, Mmarekani Gunther Schuller aliitungia konseto, ambamo mpulizaji mmoja husindikizwa na okestra nzima. Kalevi Aho wa Finland alifuata mwaka 2005. Hata hivyo, okestra ni ghali. Pengine aliyeifikisha mbali zaidi ni Susan Nigro wa Chicago, aliyerekodi santuri kadhaa akisindikizwa na piano.