Nyaya za Boeing na Miwani ya Fundi

Nafundisha vijana umeme wa magari. Kwa hiyo katika historia yote ya uhalisia pepe, kisa kinachonigusa zaidi ni cha nyaya za ndege.

Mwaka 1968, Ivan Sutherland wa Marekani alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani kilichomfanya mtu aone maumbo ya mistari yakielea chumbani. Kifaa hicho kilifungwa kwenye mkono wa chuma ulioning'inia darini. Kwa miaka mingi mambo hayo yalibaki kwenye maabara na kwenye mafunzo ya marubani.

Katika kiwanda cha ndege cha Boeing, mafundi walikuwa wakifunga mafungu ya nyaya juu ya mbao kubwa za plaiwudi zenye vigingi. Fundi anasoma karatasi, anatafuta namba ya waya, anaupitisha kati ya vigingi, halafu anarudi tena kwenye karatasi. Kila fungu lilitaka ubao wake, na muundo ukibadilika, ubao nao ulibadilishwa. Tom Caudell na David Mizell wakaja na wazo walilolichapisha mwaka 1992: fundi avae miwani ya kumchorea njia ya waya palepale anapotazama, ili ubao mmoja mtupu utoshe kazi zote. Vifaa vya wakati ule vililemea wazo hilo. Zaidi ya miaka 20 baadaye, Boeing ilizirudia nyaya zilezile kwa kutumia miwani ya Google.

Lakini ufundishaji wa kiwandani una historia nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Marekani vilipojaa wafanyakazi wapya, mpango wa Training Within Industry uliwafundisha wasimamizi hatua nne: mwandae mwanafunzi, mwonyeshe kazi, mwache aijaribu, kisha mfuatilie.

Katika hatua hizo, miwani ya leo inaonyesha vizuri mno, na inamruhusu mwanafunzi akosee bila kuharibu waya hata mmoja. Hiyo ni faida kubwa. Ila kichwa cha waya kikishika ndani ya soketi, anayejua kwanza ni kidole. Kisiposhika, kinaonekana kimekaa vilevile. Ukikivuta kidogo, kinachomoka. Ndiyo maana nasimama karibu na kijana nikimwambia, "Vuta tena."

Kiwanda kitakachonunua miwani hizo kitakuwa kimefanya vema. Kisimwondoe tu mwalimu wa hatua ya nne.