Kulinda msitu pamoja na nani? Funzo la Kahuzi-Biega na Itombwe kwa watu wa Fizi

BARAKA – Mashirika yanayolinda wanyama na msitu ni mengi katika Kivu ya Kusini. Yote yanaomba jambo moja: tusaidieni. Kwa jamaa walio Marekani, Kanada ama Nairobi, kusaidia ni kutuma pesa. Kwa mkaaji wa Fizi ni jambo zito zaidi. Ni kukubali mpaka upite karibu na shamba lake ama malisho ya ngombe wake, ni kutia saini, ni kumtoa kijana awe mlinzi. Kwa hiyo kuchagua shirika la kuunga mkono si swali la matajiri peke yao. Historia ya jimbo hili ina mifano miwili inayoweza kusaidia kuchagua.

Mfano wa kwanza ni Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu. Tarehe 30 Novemba 1970 serkali ya Mobutu iliunda parke hiyo kwa ajili ya gorila, ikiwa na hektari 60.000. Mwaka 1975 ikaongezwa mpaka hektari 600.000, yaani mara kumi. Batwa waliokuwa wakiishi ndani ya msitu huo tangu zamani walifukuzwa bila malipo na bila kupewa ardhi nyingine. Mwaka 1980 UNESCO iliandika parke kati ya urithi wa dunia, na katika miaka hiyo ya 1980 Ujerumani ilianza kuisaidia. Mtu wa Ulaya aliyetoa mchango wake wakati ule alikuwa anasaidia gorila. Pengine bila kujua, alikuwa anasaidia pia mpaka uliowaacha Batwa nje.

Je, wanyama walipona? Vita vya 1996 na vile vilivyofuata vilileta bunduki, wawindaji na wachimba koltani. Mwaka 1997 UNESCO iliitia parke kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Oktoba 2018 sehemu ya Batwa walirudi msituni. Kukawa na mapambano kati yao na walinzi, watu wakafa pande zote mbili, na miti mingi ikakatwa kwa kuchoma makala. Mwaka 2022 shirika la Minority Rights Group lilitoa ripoti inayowashitaki walinzi wa parke na askari kwa mauaji na kuchoma vijiji vya Batwa kati ya 2019 na 2021.

Kesi ya Batwa ilipita hata hapa jirani, kwenye mahakama ya Uvira, ambayo ilisema haina uwezo wa kuihukumu. Ikafika mpaka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ulitangazwa: Kongo ilivunja haki za Batwa, na inapaswa kuwarudishia ardhi yao na kuwalipa. Karibu miaka 50 ilipita tangu wafukuzwe.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Fizi: Itombwe. Milima hiyo inagusa Mwenga, Fizi na Uvira, na wenye elimu ya wanyama wameifuata kwa miaka mingi. Mwaka 1951 alipatikana huko bundi ambaye hakujulikana mahali pengine. Ilibidi kungoja mpaka 1996 ndipo mwingine akakamatwa akiwa hai. Gorila wako huko, na sokwe pia.

Tarehe 11 Oktoba 2006 waziri wa mazingira huko Kinshasa alitia saini amri ya kuunda Hifadhi ya Asili ya Itombwe. Wakaaji hawakuulizwa vya kutosha, na mipaka haikuwa imekubaliwa nao. Machifu, wakulima na wafugaji walipata hofu ile ile: yaliyowapata Batwa wa Kahuzi-Biega yatatufikia. Wakapinga.

Hapa ndipo mambo yalichukua njia nyingine. ICCN, ambayo ni ofisi ya serkali inayosimamia parke, pamoja na WWF na WCS, walikubali kurudi mezani. Rainforest Foundation ya Uingereza na shirika la hapa jimboni, Africapacity, waliwasaidia wakaaji kuchora ramani zao wenyewe: mito, mashamba, makaburi, mahali pa kuwinda, malisho. Mwaka 2016, miaka 10 baada ya ile amri ya Kinshasa, gavana wa jimbo alitia saini mipaka mipya yenye karibu kilomita za mraba 5.700. Ndani yake kuna sehemu ya kulindwa kabisa, na kuna sehemu ambako watu wanaendelea kulima na kutumia msitu kwa mapatano.

Makaratasi hayo hayakuleta amani, na makundi yenye silaha bado yako milimani. Lakini tofauti na Kahuzi-Biega inaonekana. Kwenye parke ile mpaka ulitangulia, malalamiko yakafuata. Itombwe malalamiko yalibadilisha mpaka.

Kuna pia njia ya tatu. Tangu 2014 sheria ya Kongo inaruhusu wakaaji kuomba msitu wao wa mila uandikwe kwa jina lao, mpaka hektari 50.000. Shirika la Strong Roots la Bukavu linafuata njia hiyo kati ya Kahuzi-Biega na Itombwe, ili wanyama wapate njia ya kupita na ardhi ibaki mikononi mwa wenyewe. Mwanzilishi wake, Dominique Bikaba, anatoka katika familia iliyopoteza ardhi yake kwa ajili ya parke.

Jambo lingine la kupima ni hesabu. Katika miaka ya 1990 gorila wa mashariki mwa Kongo walikadiriwa karibu 17.000. Mwaka 2016 watafiti walisema wamebaki 3.800 hivi, na hesabu hiyo ilizunguka dunia nzima. Mwaka 2021 watafiti walisahihisha: 6.800 hivi. Gorila hawakuzaana kiasi hicho kwa miaka mitano. Watu walifika mahali ambako hawakufika mbele, na hesabu ikafanywa vizuri zaidi. Shirika linalokubali kusahihisha hesabu yake hadharani linastahili kusikilizwa kuliko lile linaloshika namba moja ya kutisha kila mwaka kwa sababu inaleta pesa.

Haya yote yanawahusu vipi watu wa Bibokoboko? Mapigano ya Oktoba 2021 yaliwatoa wengi katika vijiji vyao. Ngombe waliibiwa, nyumba zikachomwa, na familia nyingi zikashuka Baraka na kwingineko. Ardhi ya mila kwa kawaida haina karatasi. Ushahidi wake ni watu wenyewe: mzee anayejua kaburi liko wapi, mama anayejua mwisho wa shamba, mchungaji anayejua ngombe walipita wapi wakati wa kiangazi. Watu wakiondoka, ushahidi unaondoka nao. Ramani ikichorwa leo juu ya mlima usio na watu, malisho yao yataonekana kama pori tupu.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma pesa ama kutia saini, maswali ni manne. Nani alikubali mradi huu, na je, waliokimbia waliulizwa huko waliko? Pesa zinaishia wapi: kwa walinzi na magari tu, ama pia kwa miche, dawa za mifugo na shule? Mlinzi akimpiga mtu, mtu huyo analalamika kwa nani, na nani alikwisha kujibiwa? Na hesabu za wanyama zilitoka wapi?

Shirika lenye majibu linaweza kuungwa mkono bila woga, liwe la Ulaya ama la Bukavu. Na wakati majibu yanangojewa, kuna kazi isiyohitaji shirika lolote. Wazee wa Bibokoboko wako Baraka, wanakumbuka jina la kila kilima, mto na malisho. Vijana wao wamesoma. Daftari moja na kalamu vinatosha kuandika majina hayo sasa, wakati wenye kuyajua wangali hai.