Santuri na Usikivu wa Pwani
Mwimbaji Siti binti Saad na wenzake waliposafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, taarabu ya Kiswahili iliingia katika santuri, yaani sahani iliyozunguka mara 78 kwa dakika na kubeba takriban dakika tatu tu kila upande. Gramafoni yenyewe haikuhitaji umeme, bali mkono wa kuitia ufunguo na sindano za chuma zilizobadilishwa kila mara, hivyo mashine moja mkahawani ilitosha mtaa. Kuanzia 1933, mfululizo wa santuri wa GV uliuleta Afrika muziki wa son wa Kuba, ambao wanamuziki wa Léopoldville (Kinshasa ya leo), wengi wao wasiojua Kihispania, waliugeuza kuwa rumba yao, nayo ikafika Mombasa na Dar es Salaam kwa njia ileile ya santuri.